James Hong: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mzee uliyemwona kila mahali

Ikiisha filamu ya Marekani yenye mzee wa Kichina, hakosi mtu wa kuuliza: "Huyu si ndiye yule wa ile nyingine?" Mara nyingi ndiye. Hapa nimekusanya maswali ninayoulizwa tena na tena, kuanzia ya mtu aliyemwona jana kwa mara ya kwanza hadi ya wale wanaobishana hadi usiku wa manane. Jambo likiwa limeshaelezwa mahali pengine, nimekuelekeza huko.

## Ya msingi

James Hong ni nani?

Ni mwigizaji wa Marekani mwenye asili ya Kichina, na amekuwa mbele ya kamera tangu miaka ya 1950. Kama una watoto nyumbani, unamjua kwa sauti: ndiye Bwana Ping wa *Kung Fu Panda*, bata bukini muuza supu ya tambi aliyemlea panda Po. Kama ulikulia kwenye kibanda umiza, huenda jina hulijui ila sura unaijua: ndiye Jenerali Tran wa *Missing in Action* (1984), yule aliyepambana na Chuck Norris. Na kama filamu umeanza kuzifuatilia juzi tu, ndiye babu wa kwenye kiti cha magurudumu katika *Everything Everywhere All at Once* (2022).

Mimi nilimjua kwa Jenerali Tran. Ilinichukua miaka mingi kugundua kwamba jenerali na bata ni mtu mmoja.

Alizaliwa lini, na wapi?

Tarehe 22 Februari 1929, mjini Minneapolis, jimbo la Minnesota, kaskazini kabisa kwenye baridi kali. Baba yake alikuwa na duka la dawa za mitishamba, na Wachina wachache wa mji ule walilifanya kijiwe chao. Alipokuwa mdogo alipelekwa Hong Kong kusoma, akarudi Marekani akiwa na miaka 10.

Kwa hiyo anayemwita "Mchina kutoka China" anakosea. Ni Mmarekani wa kuzaliwa, na ile lafudhi nzito unayoisikia katika nafasi nyingi ni ya kuigiza. Akihojiwa huongea Kiingereza cha kawaida cha Kimarekani, na wengi hushtuka.

Mbona jina lake halikai juu kwenye bango?

Kwa sababu yeye si steringi. Kwetu filamu ina steringi na ina adui, na tangu utotoni tunajua kwamba steringi hafi. Lakini kati ya hao wawili kuna watu kumi na tano wengine: mwenye mgahawa, hakimu, mlinzi wa mlangoni, daktari anayeleta habari mbaya, jirani mwenye siri. Marekani kuna waigizaji ambao hiyo ndiyo kazi yao ya maisha. Hufika siku mbili au tatu, hufanya kazi yao, hulipwa, kisha huenda kwingine.

Mwigizaji wa aina hii anatakiwa ajijenge haraka. Steringi ana saa mbili za kukufanya umjue, ilhali yeye ana dakika mbili. Namna anavyoshika kikombe, anavyosita kabla ya kujibu, anavyomtazama mgeni kutoka juu hadi chini, ndiyo historia nzima ya mtu huyo, maana hakuna nafasi nyingine ya kuieleza. Ukitaka kuona maana yake, soma swali la *Blade Runner* hapo chini, kisha uitazame sehemu yenyewe.

Ameigiza filamu ngapi? Mbona kila mtu anataja idadi yake?

Utasikia zaidi ya 400, utasikia 500, utasikia zaidi ya 600. Hakuna anayedanganya, wanahesabu kwa njia tofauti. Ukihesabu jina la kazi, yaani filamu moja ni moja na tamthilia moja ni moja hata kama ameonekana humo mara tisa, unapita 400. Ukihesabu kila nafasi na kila sehemu ya tamthilia, pamoja na kazi za sauti, unapita 600. Ongeza na kazi za miaka ya 1950 ambazo hakuandikwa jina kabisa mwishoni mwa filamu, maana siku hizo waigizaji wadogo hawakuwa na uhakika wa kuandikwa.

Vyovyote utakavyohesabu, ni miongoni mwa waigizaji wenye kazi nyingi kuliko wote katika historia ya filamu na televisheni ya Marekani.

## Alivyoingia kwenye kazi

Ni kweli alikuwa injinia wa barabara?

Kweli kabisa. Alianza kusomea uinjinia wa ujenzi katika Chuo Kikuu cha Minnesota, akamalizia katika Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles. Katikati yake aliingia jeshini wakati wa vita vya Korea, akawekwa kwenye burudani za askari katika kambi ya Camp Rucker, Alabama.

Baada ya hapo aliajiriwa na serikali ya mitaa ya Los Angeles kama injinia wa barabara. Kwa mwaka mmoja na nusu hivi alikuwa na maisha mawili: anachora barabara, na siku ya kazi ya filamu anatumia likizo zake, za kawaida na za ugonjwa. Aliyewahi kuomba ruhusa ya "kumpeleka mtoto hospitali" kumbe anakwenda kwenye usaili anaelewa. Mwishowe aliacha barabara.

Nimesikia mchekeshaji Groucho Marx alihusika. Aliingiaje?

Groucho alikuwa na kipindi cha maswali na zawadi, *You Bet Your Life*. Mwaka 1954 Hong alikwenda kama mshiriki wa kawaida, akaonyesha kipaji chake cha kuiga sauti za watu maarufu. Akamwiga James Stewart, akamwiga Peter Lorre, kisha akamwiga Groucho mwenyewe, mbele yake. Kijana wa Kichina akiongea kama Groucho Marx kilikuwa kitu ambacho watazamaji wa wakati ule hawakuwahi kukiona. Barua zilimiminika, na kutokana na kelele hiyo akapata wakala.

Kwa hiyo kabla ya yote alikuwa mchekeshaji. Ukishajua hilo, hata maadui aliowaigiza utawaona kwa jicho jingine. Lo Pan, adui wa *Big Trouble in Little China* (swali lake liko chini), ni mchekeshaji aliyevaa joho la mchawi.

Filamu yake ya kwanza ilikuwa ipi?

Mwenyewe akisimulia mwanzo wake humtaja Clark Gable. Filamu ni *Soldier of Fortune* ya 1955, hadithi ya Hong Kong, Gable akiwa na Susan Hayward. Mwaka huohuo alikuwamo pia katika *Blood Alley* ya John Wayne. Fikiria mtu anaanza kazi kwa kusimama karibu na Gable na Wayne, halafu miaka karibu 70 baadaye anasimama jukwaani na Michelle Yeoh, steringi wa *Everything Everywhere All at Once*.

Sauti yake imo kwenye Godzilla?

Imo. Wamarekani walipoichukua filamu ya Kijapani ya Godzilla na kuitoa kwao mwaka 1956 kwa jina *Godzilla, King of the Monsters!*, walimwongeza mwigizaji Raymond Burr, wakakata vipande, na Wajapani wakapachikwa sauti za Kiingereza. Kazi hiyo ya sauti ilifanywa na watu wachache sana, Hong na Sammee Tong wakibeba sehemu kubwa. Mtu mmoja anakuwa mwanasayansi, mvuvi na ofisa wa serikali ndani ya filamu ileile.

Msomaji wa Dar, Nairobi au Kampala hahitaji maelezo marefu hapa. Tumekua tukisikiliza watu wanaofasiri filamu nzima peke yao, steringi na adui na bibi kizee wote wakitoka koo moja.

## Nafasi alizopewa, na alizonyimwa

Kwa nini karibu kila mara ni mhudumu, dobi, mtumishi au adui?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na ni haki yake.

Alipoanza kazi, sheria iliyowazuia Wachina kuhamia Marekani, ya mwaka 1882, ilikuwa imefutwa miaka michache tu nyuma, mwaka 1943. Katika filamu, mhusika wa Kichina akiwa mkubwa alipewa Mzungu aliyevutwa macho kwa utepe na kupakwa rangi. Mfano unaotajwa siku zote ni *The Good Earth* ya 1937: hadithi ya wakulima wa China, Paul Muni akiwa mume, Luise Rainer akiwa mke, na Rainer akapata Oscar kwa nafasi hiyo. Anna May Wong, mwigizaji Mmarekani mwenye asili ya Kichina aliyekuwa maarufu kuliko wote wakati ule, aliitaka nafasi ya mke akaikosa. Kanuni za maadili za studio za enzi hizo zilikwepa mapenzi kati ya watu wa rangi tofauti, hivyo akishachaguliwa mume Mzungu, mlango kwa mke Mchina ulikuwa umefungwa.

Kilichobaki kwa watu kama Hong ni kufungua mlango wa nyumba ya tajiri, kuleta chai, kufua nguo, au kumtesa steringi msituni. Aliyafanya yote hayo. Amesema waziwazi kwamba alichoka na nafasi hizo za kujirudia, lakini ndizo zilizokuwapo, na alikuwa na familia ya kulisha.

Mimi binafsi siwezi kutazama baadhi ya kazi zake za miaka ya 1960 bila kujisikia vibaya. Bado naona tofauti kati ya aliyeandika nafasi hiyo na aliyeijaza. Mara nyingi Hong anaingiza kitu ambacho mwandishi hakukiweka: dharau kidogo, ujanja, mzee anayejua zaidi ya mwajiri wake.

Charlie Chan ilikuwaje?

Charlie Chan ni mpelelezi wa kubuni, Mchina wa Hawaii, aliyeigizwa na Wazungu kwa miongo mingi. Tamthilia ya televisheni *The New Adventures of Charlie Chan*, ya 1957 hadi 1958, ilikuwa na sehemu 39. Chan aliigizwa na J. Carrol Naish, Mmarekani wa asili ya Ireland. Hong alikuwa mwanawe mkubwa, Barry. Ndiyo hali iliyoelezwa katika swali lililotangulia: Mchina wa kweli anamwita "baba" Mzungu aliyepakwa rangi.

Hong amesimulia katika mahojiano kwamba siku moja alichelewa kutamka maneno yake, Naish akawaka, na safari ya Barry Chan ikaishia hapo.

East West Players ni nini, na yeye anahusikaje?

Ni kundi la tamthilia za jukwaani la Los Angeles, lililoanzishwa mwaka 1965 na wasanii tisa Wamarekani wenye asili ya Asia. Hong ni mmoja wao. Wengine ni pamoja na Mako, Beulah Quo na Soon-Tek Oh. Tamthilia yao ya kwanza ilikuwa *Rashomon*.

Wazo lilikuwa rahisi. Kama studio hazimpi Mwasia nafasi ya kuwa mfalme, mpenzi, mwizi na mtakatifu, basi apewe jukwaani, watu waone kwamba anaweza. Kundi hilo bado lipo, na kwa miongo limekuwa shule ya waigizaji wengi wa asili ya Asia wanaoonekana leo. Ukiniuliza nini kitabaki katika kazi yake yote, nitataja hili kabla ya filamu yoyote.

## Nafasi zinazoulizwa zaidi

Ni nani katika *Chinatown*?

Kahn, mtumishi wa nyumba ya Evelyn Mulwray, katika filamu ya 1974 ya Roman Polanski yenye Jack Nicholson na Faye Dunaway. Nafasi ndogo, lakini ni katika watu wachache wa hadithi ile wanaojua siri ya mama mwenye nyumba, naye hasemi. Mwaka 1990 Nicholson alipoongoza mwendelezo wake, *The Two Jakes*, Hong alirudi akiwa Kahn yuleyule.

*Blade Runner*: yule mzee wa macho kwenye baridi ni yeye?

Ndiye. Anaitwa Hannibal Chew, fundi anayetengeneza macho ya watu bandia, katika filamu ya Ridley Scott ya 1982. Roy Batty, aliyeigizwa na Rutger Hauer, na mwenzake Leon wanaingia katika karakana yake yenye baridi ya kugandisha ili wamhoji. Leon anamchana koti lake la joto. Chew anatetemeka, anajitetea kwamba yeye kazi yake ni macho tu, na hatimaye anataja jina wanalolitaka.

Ilipigwa ndani ya ghala la baridi la kweli, kwa hiyo ule mvuke wa pumzi si ujanja wa kompyuta. Ni dakika chache tu. Lakini tazama mwanzo wake, kabla wageni hawajaingia: mzee peke yake na jicho, anaongea nalo kwa upole kama fundi saa anayeipenda kazi yake. Baada ya hapo anapotishwa tunaumia, kwa sababu tumeshamjua. Sijui wangapi wangeweza kulifanya hilo kwa muda ule.

Lo Pan ni nani, na kwa nini mashabiki humzungumzia sana?

David Lo Pan ni mchawi wa *Big Trouble in Little China* (1986), filamu ya John Carpenter. Amelaaniwa kwa zaidi ya miaka 2,000: wakati mmoja ni kikongwe kwenye kiti cha magurudumu, na wakati mwingine ni mzimu mrefu wenye joho na kucha ndefu. Ili apate mwili wa kawaida inabidi amwoe msichana mwenye macho ya kijani. Kurt Russell ndiye steringi, ila ni steringi wa ajabu, anayejigamba sana na kukosea zaidi. Filamu inamcheka mchana kweupe.

Hong anaigiza kikongwe na mzimu wote wawili. Kikongwe ana lalama za babu aliyechoka kusubiri. Mzimu ana kiburi cha mfalme. Halafu, bila taarifa, yule mfalme anasema jambo dogo la kulalamika kama mpangaji aliyekatiwa maji, na unacheka wakati ulitakiwa kuogopa.

Ilipotoka ilianguka vibaya. Ilikusanya takriban dola milioni 11 Marekani, chini ya gharama za kuitengeneza, na wiki mbili tu baadaye kampuni ileile ikatoa *Aliens*. Iliokolewa na kanda za video. Watu waliikodi, wakaitazama mara ya pili na ya tatu, na leo Lo Pan ndiye anayeleta foleni ndefu kwenye meza ya Hong katika mikusanyiko ya mashabiki.

Yule wa mgahawa kwenye *Seinfeld*?

Ndiye pia. *Seinfeld* ni tamthilia ya vichekesho ya televisheni, na sehemu hiyo inaitwa "The Chinese Restaurant", ilirushwa tarehe 23 Mei 1991. Jerry, George na Elaine wanasubiri meza katika mgahawa wa Kichina, na sehemu nzima ni kusubiri kwao. Hong ni Bruce, mpokea wageni, ambaye kila akiulizwa anajibu dakika tano, kumi. Simu ya George inapopigwa, anaita jina "Cartwright" kwa sauti, George Costanza hajui kwamba anaitwa yeye, na simu inakatwa.

Wakubwa wa kituo hawakuipenda hapo mwanzo, kwa kuwa hakuna kinachotokea. Leo ni kati ya sehemu zinazotajwa sana za tamthilia hiyo. Bruce si mkorofi. Ana utulivu wa mtu anayejua kwamba meza ni zake na njaa ni yako. Kila aliyewahi kusubiri karatasi kwenye dirisha la ofisi anamjua Bruce.

Sauti ya Bwana Ping ni yake katika filamu zote?

Zote nne: 2008, 2011, 2016 na 2024. Pia alipata tuzo ya Annie, tuzo ya watu wa katuni, kwa Bwana Ping wa kipindi maalumu cha televisheni *Kung Fu Panda Holiday*.

Ping angeweza kuwa kichekesho tu: bata anayeamini kwamba amemzaa panda. Filamu ya pili ndiyo inayombadilisha, pale anapolazimika kumweleza Po kwamba alimwokota ndani ya sanduku la figili. Sikiliza sauti inavyopungua pale. Ya tatu inamletea mpinzani, baba mzazi wa Po, na wivu wa Ping ni wa kweli kabisa. Mlezi yeyote aliyemlea mtoto wa ndugu, halafu ndugu akajitokeza mtoto alipokua, ataelewa bila tafsiri.

Sauti zake nyingine zinazoulizwa: Chi-Fu, yule ofisa mwenye kujipendekeza katika *Mulan* ya 1998, Daolon Wong katika *Jackie Chan Adventures*, na Bwana Gao katika *Turning Red* ya 2022.

Katika *Everything Everywhere All at Once* anaongea Kichina gani?

Kikantoni, pamoja na Kiingereza. Watazamaji wengi hawalioni jambo hili: ndani ya nyumba ile, Evelyn, ambaye ni Michelle Yeoh, huongea Kikantoni na baba yake, Kimandarini na mumewe, na Kiingereza kingi na bintiye. Lugha inabadilika kulingana na nani yuko chumbani, kama nyumba ya Mombasa au Bujumbura inavyobadilisha lugha akiingia bibi.

Babu huyo, Gong Gong, ndiye ambaye Evelyn anaogopa kumwambia kwamba mjukuu wake ana mpenzi wa kike. Katika ulimwengu mwingine wa filamu hiyohiyo, Gong Gong ni kamanda mkali. Hong alikuwa amepita miaka 90.

## Tuzo na nyota

Alipata Oscar?

Hapana, na hakuteuliwa. *Everything Everywhere All at Once* ilipata saba, tarehe 12 Machi 2023, zikiwemo ya filamu bora na za uigizaji kwa Michelle Yeoh na Ke Huy Quan. Tuzo aliyoshiriki Hong ni ya chama cha waigizaji cha SAG, wiki mbili hivi kabla ya hapo, inayotolewa kwa waigizaji wote wa filamu kwa pamoja. Alipewa kipaza sauti jukwaani, akakumbusha enzi za waigizaji waliovutwa macho kwa utepe, na watayarishaji waliodai kwamba Waasia hawatoshi na hawauzi tiketi. Kisha akawaonyesha wenzake waliomzunguka. Ukumbi ulisimama.

Mbona nyota yake ya Hollywood ilichelewa hivyo?

Ile nyota yenye jina la msanii, inayowekwa barabarani Hollywood, haitoki yenyewe. Lazima mtu apendekezwe, akubaliwe, halafu pawe na wa kulipa. Wakati huo gharama ilikuwa dola 55,000. Kwa kawaida studio hulipa wakati inatangaza filamu mpya ya steringi wake. Mwigizaji wa siku mbili hapa na siku tatu pale hana studio ya kumlipia.

Mwaka 2020 mwigizaji Daniel Dae Kim alianzisha mchango mtandaoni. Fedha zilitimia ndani ya siku chache. Nyota ikazinduliwa tarehe 10 Mei 2022, Hong akiwa na miaka 93, mtu mzee kuliko mwigizaji yeyote aliyewahi kuipata hadi siku hiyo.

## Mikanganyiko na ubishi

Si ndiye Bwana Miyagi?

Siye. Miyagi wa *The Karate Kid* (1984) ni Pat Morita, Mmarekani wa asili ya Japani, aliyefariki 2005. Nitaje na wengine wanaochanganywa naye, tumalize ubishi. Mzee Egg Shen, yule dereva wa basi anayepambana na Lo Pan, ni Victor Wong. Po-han wa *The Sand Pebbles* (1966), aliyeteuliwa Oscar, ni Mako. Hong yumo pia katika filamu hiyo, ila ni Victor Shu.

Na mzee mwenye duka katika *Gremlins*?

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Katika filamu ya 1984, Bwana Wing ni Keye Luke, aliyezaliwa 1904. Lakini katika katuni *Gremlins: Secrets of the Mogwai* ya 2023, inayosimulia utoto wa Bwana Wing, sauti ya babu yake ni James Hong. Kwa hiyo wote wawili mnaobishana mna haki kidogo.

Kuna zaidi: katika filamu za Charlie Chan za miaka ya 1930, mtoto mkubwa wa Chan alikuwa Keye Luke huyohuyo. Miaka ishirini baadaye nafasi hiyo kwenye televisheni ikaenda kwa Hong.

Katika tamthilia *Kung Fu* ya miaka ya 1970 nimemwona zaidi ya mara moja, kila mara mtu tofauti. Ni makosa?

Si makosa. Ilikuwa kawaida ya televisheni ya wakati ule kumrudisha mwigizaji mzuri kwa sura nyingine. Hong alirudi katika *Kung Fu* mara kadhaa, kila mara na jina jipya. Steringi, David Carradine, hakuwa na asili ya Kichina, wakati Wachina walizunguka wakibadilishana nafasi pembeni yake. Tazama swali la nafasi alizonyimwa.

Ni kweli anaonekana kwenye *Friends* na *The Big Bang Theory*?

Kweli: kocha Hoshi katika *Friends* (1997), na Chen wa mgahawa katika *The Big Bang Theory* (2008). Yumo pia katika *The X-Files*, sehemu ya "Hell Money" ya 1996, pamoja na Lucy Liu kabla hajavuma.

Ameshawahi kuwa steringi?

Alipochoka kusubiri, alijitengenezea mwenyewe. *The Vineyard* ya 1989 aliiongoza kwa kushirikiana na William Rice, na ndani yake ni Daktari Elson Po, mwenye shamba la mizabibu kisiwani anayetafuta ujana wa milele kwa njia chafu. Ni filamu ya kutisha ya bei rahisi, na sitakudanganya kwamba ni nzuri. Lakini jina la kwanza ni lake.

Nina jioni moja tu. Nitazame ipi?

*Big Trouble in Little China*, bila kufikiri mara mbili. Kama una nusu saa tu, sehemu ile ya *Seinfeld*. Na kama una dakika tano, tafuta *The Day the Earth Stood Still* ya 2008, filamu ya kawaida tu, uende moja kwa moja pale Keanu Reeves anapokaa mezani na mzee mmoja kwenye mgahawa wa hamburger. Mzee huyo, Bwana Wu, ni mgeni kutoka sayari nyingine, aliyetumwa kuwachunguza binadamu. Ameishi nao miaka 70. Anaripoti kwa Kimandarini kwamba ni viumbe waharibifu na hawatabadilika. Halafu anaombwa waondoke pamoja, naye anasema yeye anabaki.